Namba 241,038: maswali ambayo watu wananiuliza kila wakati

Mimi nafundisha hesabu jioni hapa Busia, upande wa Uganda, watoto wa P6 mpaka S2 (darasa la sita la msingi mpaka la pili la sekondari), na wengine wanavuka kutoka upande wa Kenya ndiyo maana darasani tunaongea Kiswahili. Siku moja niliandika 241,038 ubaoni nikawaambia leo hatufanyi kitu kingine, ni hii namba tu mpaka tuimalize. Giza likaingia hatujaimaliza. Tangu hapo wanafunzi, wazazi wao na hata vijana wa boda pale stejini wananiuliza maswali yaleyale, mmoja leo mwingine kesho, basi nimeyakusanya hapa yote na majibu yake. Chukua kalamu na karatasi, simu weka pembeni kwanza.

Kwanini 241,038 na si namba nyingine?

Manake ndiyo eneo la Uganda kwa kilomita za mraba, nchi kavu na maji pamoja, kama vitabu vingi vinavyoandika. Vingine vinatoa namba tofauti kidogo, inategemea nani alipima na alipima vipi, lakini hii ndiyo watoto wetu wanaikariri. Mtoto anaikariri, anaiandika kwenye mtihani wa jiografia, anapata maksi yake moja, na hapo namba imekufa. Hiyo inaniuma kweli. Namba ya tarakimu sita ina mambo mengi ndani na yote unaweza kuyatoa kwa mkono wako mwenyewe, huhitaji mashine wala shule ya bei kali.

Inasomwaje kwa Kiswahili?

Laki mbili, arobaini na moja elfu, na thelathini na nane. Nasema "arobaini na moja elfu" makusudi. Ukisema "elfu arobaini na moja" mtu mmoja ataandika 41,000 na mwenzake ataandika 40,001 na wote wawili wamekusikia vizuri tu, hiyo ni shida ya kweli na pale sokoni mpakani watu wamewahi kugombana kwa sababu yake. Ukitanguliza hesabu halafu elfu ikafuata, hakuna anayekosea. Wafanyabiashara wa hapa wanakata tu, "laki mbili arobaini na moja", na vile vidogo vya mwisho wanavitaja pembeni.

Wanaoongea Luganda wanahesabu kwa mutwalo, yaani elfu kumi kumi, kwa hiyo wao wanaanza na mitwalo ishirini na nne, halafu elfu moja, halafu thelathini na nane. Namba ni ileile ila imekatwa mahali pengine, na mtoto anayejua lugha zote mbili anaelewa thamani ya nafasi kuliko yule wa lugha moja. Nimeliona hilo darasani mara nyingi.

Ni shufwa au witiri?

Shufwa, inaishia na 8. Lakini angalia zaidi kidogo: tarakimu mbili za mwisho ni 38, na 38 haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo hii namba ina 2 moja tu ndani yake. Kumbuka hilo, litarudi huko chini.

Mwalimu, inagawanyika kwa ngapi? Nianzie wapi?

Anzia kwa kujumlisha tarakimu. 2 + 4 + 1 + 0 + 3 + 8 = 18. Kwa kuwa 18 inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Watoto wanajua hii sheria lakini ukiwauliza kwanini wananyamaza, na sababu yenyewe ni rahisi sana. 10 ni 9 na moja juu, 100 ni 99 na moja juu, 1,000 ni 999 na moja juu. Kwa hiyo kila tarakimu ukiiondolea mafungu ya tisa inabaki yenyewe peke yake, ukijumlisha mabaki unapata hiyo 18, na 18 nayo ni mafungu mawili ya tisa. Kimeisha.

Ya 7 ndiyo inayowashangaza wengi. Katikati pana mkato, upande mmoja 241 na upande mwingine 038. Toa kidogo kwa kikubwa: 241 − 38 = 203. Na 203 ni 7 × 29. Basi 241,038 inagawanyika kwa 7. Inafanya kazi kwa sababu 1,001 ni 7 × 11 × 13, na elfu moja ni 1,001 ukitoa moja, kwa hiyo kila elfu ukiipima kwa 7 inahesabika kama "toa moja", na 241 za elfu zinakuwa "toa 241". Kwa mkato huohuo unapima 11 na 13 bila kufanya kazi mpya: 203 haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13, kwa hiyo namba yetu pia haigawanyiki kwa hizo.

Sasa gawanya polepole. Kwa 2 unapata 120,519. Hiyo kwa 9 unapata 13,391. Hiyo kwa 7 unapata 1,913. Kwa hiyo:

241,038 = 2 × 3 × 3 × 7 × 1,913

Nimekwama kwenye 1,913. Najuaje kama ni tasa?

Huna haja ya kujaribu namba zote mpaka 1,912, hapo ndipo watu wanakata tamaa. Jaribu tasa peke yake, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, na usipite kipeuo cha pili. 43 × 43 ni 1,849 na 47 × 47 ni 2,209 ambayo imeshapita, kwa hiyo ukifika 43 umemaliza. Kama ingekuwa na kigawanyo kikubwa kuliko hapo, mwenzake angekuwa mdogo na ungekuwa umeshamkamata.

Ni tasa 14 tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43. Fanya moja moja. 7 inabakiza 2, 13 pia inabakiza 2, 23 inabakiza 4. Angalia 29 na 11: 29 × 66 ni 1,914 na 11 × 174 ni 1,914 hivyohivyo, kwa hiyo zote mbili zimeikosa kwa moja tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kabisa kwamba 1,913 ni 29 × 66, alikuwa na haraka, na ni kosa ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya maana pale ni karibu mno. Hakuna hata moja kati ya zile 14 inayogawanya. 1,913 ni tasa.

Na ukiigeuza nyuma mbele unapata 3,191, nayo ni tasa. Hii jaribu mwenyewe, mwisho wake ni 53.

Iko na vigawanyo vingapi kwa jumla?

24. Usihesabu kwa vidole. Kila kigawanyo unakitengeneza kwa kuchagua: 2 unaichukua au unaiacha (njia 2), 3 unachukua sifuri, moja au mbili (njia 3), 7 unachukua au unaacha (njia 2), 1,913 unachukua au unaacha (njia 2). 2 × 3 × 2 × 2 = 24.

Vidogo ni 12, na vyote ni vigawanyo vya 126: 1, 2, 3, 6, 7, 9, 14, 18, 21, 42, 63, 126. Vikubwa ni hivihivi vikizidishwa kwa 1,913: 1,913, 3,826, 5,739, 11,478, 13,391, 17,217, 26,782, 34,434, 40,173, 80,346, 120,519 na yenyewe 241,038. Kati ya 126 na 1,913 hakuna kitu kabisa, ni uwanja mtupu, na hiyo inasababishwa na ile tasa kubwa moja. Mtu akikuambia anataka kupanga machungwa 241,038 kwa mistari iliyo sawa na anataka mistari 500 hivi, mwambie ukweli haiwezekani, atabaki na machungwa mkononi. Mistari 126 sawa, 1,913 sawa, katikati hapana.

Ukijumlisha vigawanyo vyote unapata nini?

Vyote 24 pamoja ni 597,168. Ukiiondoa namba yenyewe vinabaki 356,130, ambayo ni zaidi ya 241,038. Namba ya namna hii inaitwa namba yenye ziada, sehemu zake zinamzidi mwenyewe. Zile ambazo sehemu zake zinalingana naye sawasawa ndizo timilifu, kama 6, 28, 496 na 8,128, na hizo ni adimu sana.

Kwa hii yetu hata huhitaji kujumlisha 24 zote. Chukua nusu yake, theluthi yake na sudusi yake (moja ya sita) tu:

120,519 + 80,346 + 40,173 = 241,038

Kamili! Nusu na theluthi na sudusi siku zote zinarudisha kitu kizima, kwa hiyo namba yoyote inayogawanyika kwa 6 na ni kubwa kuliko 6 yenyewe lazima iwe na ziada, maana ukishajumlisha hizo tatu bado kuna ile 1 inasubiri mlangoni. Mama mmoja anayeuza maharage aliyekuja kumchukua mwanawe alilielewa hili kabla ya darasa zima, alisema kwani si kama kugawa gunia, nusu kwa mkubwa, theluthi kwa wa pili, sudusi kwa mdogo, gunia limeisha. Hajasoma zaidi ya P5. Nilifurahi sana siku ile.

Ina kipeuo cha pili kilicho kamili?

Hapana. 490 × 490 ni 240,100 na 491 × 491 ni 241,081. Imeikosa 491 kwa 43 tu.

Lakini swali lenyewe ni tamu kwa sababu kipeuo cha pili hapa kina maana ya kushika: ukiichukua Uganda yote uikunje iwe mraba, kila upande utakuwa kama kilomita 491. Kuipata kwa usahihi zaidi fanya hivi. Gawanya 241,038 kwa 491, unapata 490.912 na kidogo. Sasa moja ya hizo mbili ni kubwa mno na nyingine ni ndogo mno, basi chukua katikati yao: 490.956. Hapo umeshafika, tarakimu tatu baada ya nukta zote ni sahihi na umefanya hatua moja tu. Njia hii ni ya zamani mno, inatajwa kwa jina la Heron wa Alexandria pale Misri, mbali mbele huko ambako maji ya Nile yetu yanafikia.

Kipeuo cha tatu pitia tu, kiko kati ya 62 na 63.

Je, unaweza kuigawa iwe miraba miwili, yaani mraba mmoja kujumlisha mwingine?

Hapana, na unaweza kulijua hilo bila kujaribu hata mara moja. Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, aliacha kanuni: angalia tasa zinazobakiza 3 ukizigawanya kwa 4, kila moja ya hizo lazima ijitokeze mara shufwa, la sivyo miraba miwili haiwezekani. Namba yetu ina 3 mara mbili, hapo sawa. Lakini 7 inabakiza 3 na ipo mara moja tu. Hiyo 7 moja imefunga mlango.

Miraba mitatu je? Inawezekana, na nilikaa nayo usiku mmoja nikaipata:

487 × 487 + 62 × 62 + 5 × 5 = 237,169 + 3,844 + 25 = 241,038

Yaani nchi nzima inaingia kwenye viwanja vitatu vya mraba, mmoja mkubwa wa kilomita 487 kila upande, mwingine wa 62, na kakiwanja ka 5 kwa 5, bila kubaki hata hatua moja. Kanuni ya miraba mitatu inasema namba nzima inashindikana pale tu ambapo ukiiondolea 4 zote zilizo ndani yake kinachobaki kinaacha 7 kwenye kugawanya kwa 8. Ya kwetu inaacha 6, imepita. Na miraba minne haishindikani kamwe kwa namba yoyote, Lagrange alilithibitisha hilo mwaka 1770.

Wengine wanauliza kuhusu mraba ukitoa mraba. Hapana pia, na hapa ndipo ile 2 moja niliyosema inarudi: tofauti ya miraba miwili ni witiri au inagawanyika kwa 4, hakuna njia ya kati, na sisi tuko hapo katikati.

Inaweza kuwa jumla ya namba zinazofuatana?

Ndiyo, kwa njia 11. Ya tatu tatu ni 80,345 + 80,346 + 80,347. Ya nne ni 60,258 + 60,259 + 60,260 + 60,261. Idadi ya njia inatoka kwenye vigawanyo vyake vya witiri, viko 12, unatoa ile 1. Mbili mbili haiwezekani, namba mbili zinazofuatana lazima zijumlike witiri.

Kwenye kompyuta inaandikwaje?

Kwa bainari, yaani kwa 0 na 1 tu, ni 111010110110001110. Hizo ni nafasi 18, na jumla ya tarakimu zake za kawaida ni 18 vilevile, hiyo imetokea tu, usitafute siri hapo. Kuipata endelea kugawanya kwa 2 ukiandika mabaki, halafu soma kutoka chini kwenda juu. Kwa mfumo wa kumi na sita ni 3AD8E, unazikata zile bainari nne nne kutoka kulia na kila fungu linapewa herufi au tarakimu yake. Kijana mmoja anayetengeneza simu aliniambia anaziona namba za namna hii kila siku kwenye skrini na hakujua kuwa ni namba za kawaida zimevaa nguo nyingine.

Nimesikia ukisema ni namba yenye furaha. Ni nini hiyo?

Chukua kila tarakimu uizidishe kwa yenyewe halafu jumlisha. 4 + 16 + 1 + 0 + 9 + 64 = 94. Rudia: 81 + 16 = 97. Rudia: 81 + 49 = 130. Rudia: 1 + 9 + 0 = 10. Rudia: 1. Ukifika 1 namba inaitwa yenye furaha. Nyingi hazifiki, zinaingia kwenye mzunguko wa 4, 16, 37, 58, 89, 145, 42, 20 halafu 4 tena, na humo hazitoki milele. Yetu imefika kwa hatua tano.

Na kuna furaha ya pili. Namba inayogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake yenyewe inaitwa Harshad, neno la Kisanskriti lenye maana ya mleta furaha, jina lililotolewa na D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko India aliyefundisha miaka mingi na kucheza na namba akiwa na daftari tu. 241,038 ukigawanya kwa 18 unapata 13,391 kamili. Hata ukiigeuza, 830,142, inagawanyika kwa 18 na kutoa 46,119. Mimi namheshimu sana Kaprekar, manake wakubwa wa vyuo walimdharau siku nyingi na yeye akaendelea tu.

Ukiigeuza na kujumlisha inatokea nini?

Hapa ndipo darasa lilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Andika namba, igeuze, jumlisha:

241,038 + 830,142 = 1,071,180

Rudia, geuza hiyo (sifuri ya mwisho inakwenda mbele na kupotea):

1,071,180 + 811,701 = 1,882,881

Isome 1,882,881 kutoka kushoto, halafu kutoka kulia. Ni ileile! Hatua mbili tu. Si kila namba ina bahati hiyo, 89 ni ndogo kabisa lakini inahitaji hatua 24. Na kuna 196, hiyo kompyuta zimeigeuza na kuijumlisha mpaka ikawa na mamilioni ya tarakimu, bado haijasomeka sawa pande zote mbili, na hakuna mtu duniani aliyethibitisha kwamba haitafika. Watoto wanapenda kusikia kwamba kuna swali dogo hivi ambalo maprofesa hawana jibu lake. Wakienda nyumbani wanaijaribu 196, nawaacha.

Hii ni namba kubwa kweli?

Inategemea unaiweka karibu na nini. Ukihesabu moja kila sekunde bila kulala wala kula, utatumia saa 66, dakika 57 na sekunde 18. Ukianza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi utamaliza usiku wa kuamkia Alhamisi, saa sita imeshapita. Kwa mtu ni kubwa.

Kwa wanaotafuta tasa ni punje. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 136,279,841 halafu ukatoa 1, ina tarakimu 41,024,320. Na ile kazi tuliyofanya juu ya kuvunja namba vipande vya tasa, kwa namba zenye tarakimu mia kadhaa inakuwa ngumu mpaka siri za benki na intaneti zimejengwa juu ya ugumu huo. Mwaka 2020 watafiti walivunja moja ya tarakimu 250, na walitumia kompyuta nyingi kwa miezi. Sisi tumevunja yetu ya tarakimu sita kwa chaki.

Naweza kulipa shilingi 241,038 kwa keshi?

Noti nne za hamsini elfu, mbili za ishirini elfu, moja ya elfu moja, hapo ni 241,000. Zile 38 hakuna jinsi, sarafu ndogo inayozunguka sokoni ni ya 50, na noti na sarafu zetu zote kuanzia hapo ni mafungu ya 50, kwa hiyo chochote utakachokusanya kitaishia na 00 au 50.

Na maji je? Si sehemu ya hiyo namba ni ziwa?

Swali zuri, na aliyeniuliza mara ya kwanza ni mzee mmoja mvuvi. Katika 241,038 nchi kavu ni 197,100 na maji ni 43,938, yaani Victoria upande wetu, Kyoga, Albert upande wetu, Edward upande wetu, George na mengine. Jumlisha uone zinatimia. Sasa pima tarakimu: 1 + 9 + 7 + 1 ni 18, na 4 + 3 + 9 + 3 + 8 ni 27, kwa hiyo zote mbili zinagawanyika kwa 9, na zote ni shufwa, basi zote zinagawanyika kwa 18. Nchi kavu inatoa 10,950 na maji yanatoa 2,441, ambayo ni tasa. 10,950 ni 30 × 365, siku za miaka thelathini kama huhesabu miaka mirefu. Na maji yenyewe ni kama asilimia 18 ya nchi. Namba 18 imetufuata ukurasa mzima.

Majirani zake wakoje, 241,037 na 241,039?

Wote wawili ukiwatazama wanafanana na tasa. Hawagawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13. Huyu 241,039 anakudanganya muda mrefu, unapita 17, 19, 23, 29, 31, 37, unaanza kuamini, halafu 41 inamkamata: 41 × 5,879.

241,037 ilituchukua jioni nzima. Kipeuo chake cha pili hakifiki 491 kwa hiyo tasa za kujaribu zinaishia 487, nazo ziko 93. Waliokuwepo siku ile ni wasichana watatu tu, mvua ilikuwa imewazuia wengine, wakagawana 31 kila mmoja. Kila aliyemaliza ukurasa aliupitisha kwa mwenzake ausahihishe, manake kosa moja tu linaharibu kazi yote. 269 inabakiza 13, 401 inabakiza 36, 479 inabakiza 100. Tulipofika 487 ikabakiza 459, na hakukuwa na tasa nyingine ya kujaribu. Mdogo wao akaenda ubaoni akaandika 241,037, na pembeni yake akaandika tasa.